Kiwanda kituwekee kamera, au kituachie waya?

Swali limetoka kwa Mama Kulwa wa Nyakato, Mwanza. Anaendesha Toyota IST ya mwaka 2005. Mwezi uliopita bodaboda ilimchomekea maeneo ya Buzuruga, ikamkwangulia bampa, na kabla hajafungua mlango, walioona na wasioona walishakata shauri kwamba mwenye gari ndiye mwenye kosa. Anauliza: "Kama kiwanda kinaweza kuweka mkanda na eabegi, kwa nini kisiweke na kamera ya dashibodi kabisa, gari likitoka limetoka nayo? Nataka kuagiza gari jingine Japani. Nisubiri lenye kamera yake, au ninunue hii ya elfu themanini wanayouza mjini?"

Mama Kulwa, usisubiri. Na hilo la kiwanda nitakujibu tofauti kidogo na ulivyotarajia: kiwanda kituwekee makao ya kamera, yaani umeme, njia ya waya na mahali pa kuibandika, halafu kamera yenyewe kituachie tuchague na tubadilishe wenyewe. Eabegi hukaa miaka kumi na tano bila kufanya kazi hata mara moja, inangoja siku yake. Kamera inafanya kazi kila dakika injini inapowaka: inaandika, inafuta, inaandika tena, tena juani. Kitu kinacholika hivyo ni ndugu wa raba za waipa na pedi za breki. Hakifai kuzikwa ndani ya gari.

Viwanda vyenyewe havijalala. Citroën walitoa C3 mwaka 2016 ikiwa na kamera nyuma ya kioo cha ndani, memori yake GB 16. Gari likigongwa inahifadhi sekunde 30 za kabla na dakika 1 ya baada. BMW wana mfumo unaotumia kamera zilezile za kuegeshea, na toleo la mwanzo lilihifadhi sekunde 20 za kabla na 20 za baada. Tesla wanarekodi kwenye flashi ya USB unayoichomeka mwenyewe, na ukigusa alama yake kwenye skrini inakutunzia dakika 10 zilizopita. Hapo Tesla walifanya jambo la akili: flashi ikifa unanunua nyingine dukani.

Faida ya kamera ya kiwandani ipo, tusiinyime haki yake. Inapata ishara kutoka kwenye kompyuta ya eabegi, kwa hiyo haichanganyi ajali na tuta. Inaweza kuandika kando ya picha kwamba ulikanyaga breki, kwamba indiketa ilikuwa inawaka. Nyaya zake hazining'inii. Gari lenyewe linajua betri imebaki na chaji kiasi gani, likaizima kwa wakati. Na kibaka akivunja kioo hakuti cha kung'oa.

Shida inaanza gari linapopanda meli. Kila mwenye gari la Japani anaijua hadithi ya redio: kule FM inaanzia 76, na redio nyingi za magari zinaishia 90, sisi stesheni zetu ziko 88 mpaka 108. Gari linashuka Dar es Salaam na redio safi isiyoshika karibu chochote mpaka fundi aongeze kile kidude cha kubadili masafa. Skrini inadai kadi ya ramani kwa Kijapani. Kifaa cha kulipia barabara za kule kinakuamkia kila asubuhi, kwa adabu zote, kwamba kadi haijaingizwa. Hayo yanavumilika. Kamera iliyofungwa ndani ya mfumo huohuo, inayotaka akaunti ya mmiliki wa kwanza ndipo ikupe video, haivumiliki siku ya ajali.

Kuna jambo moja dogo ambalo huwaponza hata wale ambao gari lao limekuja na kamera ya kawaida iliyoachwa na Mjapani kwenye kioo. Saa. Japani iko mbele yetu kwa saa 6 kamili, na hesabu yetu ya Kiswahili nayo inapishana na saa ya kizungu kwa 6. Kwa hiyo kamera ya kule inayoonyesha saa kwa mtindo wa 12, ikifika saa nane mchana hapa Mwanza, itaandika 8:00. Unaitazama, unasema iko sawa. Kumbe ndani ya faili imeandikwa 20:00, usiku. Mbaya zaidi, ikigonga saa kumi na mbili jioni kwetu, kule siku imeshageuka: ajali ya Jumanne saa moja jioni inahifadhiwa kuwa ya Jumatano, 01:00. Video ya jua la machweo yenye muhuri wa usiku wa manane wa kesho yake, hiyo ukiipeleka polisi utaulizwa maswali mpaka uchoke. Kamera yenye GPS ukiirekebisha saa kwa mkono hujirudisha yenyewe ikishika setilaiti, kwa hiyo kinachobadilishwa ni ukanda wa saa, uwe +3, yaani saa tatu mbele ya GMT. Kama kamera haina sehemu ya kubadili ukanda, zima usawazishaji wa GPS. Ikikataa hata hilo, nunua nyingine.

Jambo la pili ni memori. Kamera ya kawaida ya 1080p, yaani picha yenye upana wa nukta 1,920, inaandika kama megabiti 15 kwa sekunde, ambayo ni GB 6.75 kwa saa. Ukiendesha saa mbili kwa siku, kwa mwaka unaandika karibu GB 5,000. Kadi ya GB 64 itakuwa imefutwa na kujazwa upya mara 77. Chipu ya GB 16 ingekuwa mara 300 na zaidi. Kadi ikichoka unaitupa. Chipu iliyochomelewa kwenye bodi ikichoka unatupa nini? Mwaka 2021 Tesla waliitisha magari karibu 135,000 ya Model S na Model X kwa sababu chipu ya GB 8 kwenye kompyuta ya skrini ilikuwa inachakaa kwa kuandikwaandikwa, na skrini ikifa inakufa na picha ya kamera ya nyuma. Kule kuna mahali pa kurudisha gari. Gari lililoingia hapa likiwa na miaka tisa litarudishwa wapi?

La tatu ni macho. Kibao kirefu cha namba kina upana wa sentimita 52 hivi. Kamera ya 1080p yenye lenzi ya nyuzi 140 inagawa nukta 1,920 kwa nyuzi 140, kama 14 kwa kila nyuzi. Gari likiwa mita 10 mbele, kibao chote kinapata nukta 40 hivi, yaani tano au sita kwa kila herufi: unabahatisha. Likiwa mita 5 zinakuwa 80, unasoma. Kamera ya 4K ya kweli, yenye nukta mara mbili kwa upana, inakupa hizo 80 ukiwa mita 10. Sasa kamera za kuegeshea, ambazo ndizo viwanda hupenda kuzitumia tena ili kubana gharama, nyingi hutazama karibu nyuzi 180 kwa nukta pungufu. Zitaonyesha vizuri bodaboda ilivyokuchomekea. Namba yake, iliyo ndogo na iko nyuma, itakuwa ukungu. Macho ya kamera yanakuwa bora kila baada ya miaka michache, gari unakaa nalo kumi na tano. Ukinunua ya dukani unabadilisha.

Usichanganye haya na kile kisanduku cha kumbukumbu za ajali ambacho Umoja wa Ulaya umekilazimisha kwa magari yote mapya tangu Julai 2024. Hicho hakina picha. Kinaandika mwendo, breki na mambo kama hayo ya gari lako kwa sekunde 5 kabla ya kugonga. Naona ni sawa kabisa kiwe cha lazima na cha kiwandani, kwa sababu hakichakai na hakimpigi mtu picha. Lakini hakijui bodaboda ilitokea wapi.

Kupiga watu picha nako kuna mambo yake. Mwaka 2014 General Motors ilibidi wawaonye wenye Corvette mpya wasitumie kamera ya gari pale wanapomkabidhi mtu funguo akaegeshe, kwa kuwa ilinasa na sauti za ndani, na kumrekodi mtu maongezi bila yeye kujua ni kosa kwenye baadhi ya majimbo ya Marekani. Ujerumani, Mei 2018, mahakama yao ya juu ya mashauri ya madai ilipokea video ya kamera ya gari kuwa ushahidi, na papo hapo ikasema kurekodi mfululizo bila sababu kunavunja sheria yao ya taarifa binafsi. Huenda ndiyo maana hizo kamera za kiwandani za Ulaya zinahifadhi sekunde chache tu. Kiwanda kinaogopa sheria ya kwao, wewe huku Nyakato unakosa dakika tatu za nyuma zinazoonyesha bodaboda ile ilivyokuwa ikiyumba tangu Mabatini.

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa gari la familia, sisumbuki sana na picha ya barabarani. Ninachokuomba ni kuzima maikrofoni kama unabeba abiria au wanafunzi wa watu, na usirushe kwenye magrupu ya WhatsApp sura ya mtu aliyelala barabarani. Video ya ajali inakwenda kwa polisi, kwa bima na kwa wakili.

Kwa hiyo makao ninayotaka kiwanda kiyaweke ni haya. Soketi ndogo juu, nyuma ya kioo cha ndani, yenye nyaya tatu: umeme wa kudumu, umeme unaokuja na swichi, na eathi, kila moto ukiwa na fyuzi yake. Gari lenyewe likate umeme wa kudumu betri ikishuka. Kibanio kwenye kioo, ndani ya eneo linalofagiliwa na waipa, mbali na kamera ya breki za dharura kwa magari yaliyo nayo. Ishara ya ajali itolewe kwenye soketi hiyohiyo, kamera yoyote iisome. Hivyo tu. Hakuna akaunti, na video ikae kwenye kadi ya kawaida inayofunguka kwenye simu yoyote. Kwa kiwanda hizo ni nyaya na plastiki. Kwa fundi wetu ni kazi ya siku nzima ya kubomoa dari.

Turudi kwenye IST yako, maana hiyo haina makao na ndiyo uliyo nayo.

Chagua kamera inayotumia kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo wa kufungia faili, isiyo na betri ya lithiamu ndani. Gari lililofungwa juani Capripoint mchana, dashibodi yake inaweza kupita nyuzi 70. Betri ya lithiamu pale inavimba kama andazi, na siku ya kugongwa, umeme ukikatika, kamera inashindwa kufunga faili la mwisho, ambalo ndilo ulilokuwa unalitaka. Kadi iwe ya aina iliyotengenezwa kwa kurekodi mfululizo, GB 64 au 128. GB 64 inakupa saa tisa hivi, inatosha kwenda Musoma na kurudi. Ifomati ndani ya kamera yenyewe mara moja kwa mwezi.

Njia nyepesi ya umeme ni soketi ya kiberiti. Tumia chaja na waya uliokuja na kamera. Waya mrefu mwembamba wa simu unapunguza volti njiani, kamera inajizima na kuwaka yenyewe, na watu wengi huilaumu kamera bure. Ukitaka irekodi na gari likiwa limeegeshwa, hapo fundi umeme aunganishe kwenye boksi la fyuzi kwa kifaa maalumu cha nyaya tatu: wa njano kwenye fyuzi yenye moto muda wote, mwekundu kwenye fyuzi inayowaka na swichi, mweusi kwenye boliti iliyoshika bodi, pakwanguliwe rangi kwanza. Rangi hizo ndizo nyingi lakini si zote, fundi asome karatasi na apime kwa testa. Asiguse fyuzi ya eabegi wala ya kompyuta ya injini. Fyuzi ya kamera iwe ampea 2 au 3.

Hesabu ya betri ni hii. Betri ndogo ya NS40 ikiwa mpya ina kama Ah 35, yaani inatoa ampea 1 kwa saa 35. Kamera iliyoegeshwa inakula ampea 0.3. Usiku wa saa 12 ni Ah 3.6, hakuna neno. Ukiliacha gari Ijumaa jioni ukalifuata Jumatatu asubuhi, saa 60, ni Ah 18, nusu ya betri, na kama imeshazeeka utaomba vijana wakusukume. Weka ukomo wa kukata umeme volti 12.2, usikubali 11.6 ambayo baadhi ya vifaa huja nayo. Ukivuka na kivuko cha Kamanga zima hali ya kuegesha, kwa sababu mtetemo wa injini za kivuko inauhesabu kuwa kuna mtu anakugonga kuanzia bandarini mpaka ng'ambo.

Pa kubandika: upande wa kushoto wa kioo cha ndani, juu, waipa inapofika, chini ya ule ukanda mweusi wa juu na nje ya vile vidoti vyeusi ambavyo gundi haishiki vizuri. Kibanio cha mpira wa kunyonya hakidumu kwa joto na kwa barabara zetu za mawe. Tumia gundi ya pande mbili. Safisha kioo kwa spiriti, kikauke, bandika, bonyeza nusu dakika, na kamera yenyewe uitundike kesho yake. Waya upite ukingoni mwa dari, na ukishuka kwenye nguzo ya pembeni, kwa gari lenye eabegi ya pazia, ile inayoshuka juu ya madirisha ya pembeni, upitie nyuma ya eabegi. Ukipita mbele yake, siku inapofumuka waya unageuka fimbo. Lenzi iinamishe mpaka ncha ya boneti ionekane kidogo chini na anga lichukue theluthi moja tu. Anga likiwa kubwa, jua la saa kumi na moja jioni linaifanya barabara yote kuwa giza.

Mpangilio unaowashinda wengi ni hisia ya mtikisiko. Kamera zinakuja zimewekwa wastani kwa barabara za lami laini. Hapa, kila tuta la Nyerere Road na kila jiwe la kupanda Bugando inaliona ajali, inalifungia faili lisifutwe, na baada ya wiki mbili kadi imejaa mafaili ya matuta, kamera haina pa kuandika. Iweke chini kabisa. Ajali kubwa haitaikosa, na kwa ndogo kitufe cha kufunga faili kwa mkono kipo.

Na wadudu wa ziwani. Jioni wanapoinuka kama moshi kandokando ya maji, usipige waipa kavu. Wanapakazika kioo chote kama siagi, na taa ya gari la mbele ikigonga utando ule kamera haioni kitu. Maji ya sabuni kwanza, waipa baadaye.

Siku likitokea la kutokea: simama, bonyeza kitufe cha kufunga faili, acha irekodi dakika mbili zaidi ili inase namba za magari na sura ya eneo, ndipo uzime swichi. Subiri taa ya kamera izime, toa kadi, weka nyingine. Kadi ya ajali usiichezee tena. Nakili faili zima kwenye kompyuta bila kukata wala kuongeza maandishi. Ukimtumia mtu wa bima kwa WhatsApp, itume kama hati, maana ikienda kama video inabanwa na namba zinapotea. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa namna hii, na mahakama itatazama ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama umeguswa. Hapo ndipo ile saa inapokuja kukuokoa au kukuumbua. Kama una bima ndogo tu, hii ndiyo silaha yako kubwa, kwa sababu bampa lako litalipwa tu ukionyesha kosa ni la mwenzako, na mwenzako awe na bima. Ripoti ya polisi inabaki palepale. Video haichukui nafasi yake. Kumbuka pia kamera yenye GPS inaandika mwendo wako. Ukiwa kwenye 68 mahali pa 50, shahidi wako ndiye atakayekuchongea.

Kuhusu ile ya elfu themanini: usiinunue ikiwa kwenye boksi. Nenda dukani saa moja jioni, mwombe muuzaji aiwashe kwa chaja, ielekeze barabarani magari yanapopita na taa zimewaka, irekodi dakika tano. Toa kadi, ichomeke kwenye simu yako, simamisha picha pale gari lilipokuwa karibu. Kama imeandikwa 4K kwenye boksi na bado husomi kibao cha gari lililopita hatua saba mbele yako, hiyo 4K iko kwenye boksi tu. Kisha chomoa umeme ghafla ikiwa inarekodi, na uangalie kama faili la mwisho linafunguka. Lisipofunguka, mrudishie.